Programu Iliyosafiri kwa Karatasi

Mwaka 1997 programu ya kulinda siri za barua pepe ilitoka Marekani ikiwa imechapwa vitabuni: juzuu 12, kurasa zaidi ya 6,000, zote zikiwa msimbo chanzo wa PGP 5.0. Sheria ya huko ilizuia programu za aina hiyo kupelekwa nje, na mpaka mwishoni mwa 1996 zilihesabiwa pamoja na zana za vita. Phil Zimmermann, aliyeitoa PGP ya kwanza mwaka 1991, alichunguzwa kwa miaka mitatu hivi bila kushtakiwa. Kitabu, hata hivyo, kililindwa na uhuru wa kuchapa. Huko Ulaya watu zaidi ya 70 wakazipitisha kurasa zile kwenye skana. Pembeni mwa kila mstari zilichapwa alama za ukaguzi, ili mashine ikisoma herufi l mahali pa tarakimu 1, kosa lijulikane palepale.

Wengi huikumbuka kazi ile kama mbinu ya kuikwepa sheria. Kwangu mimi uzito wake uko kwingine: ilionyesha kwamba programu ya siri huaminika pale mtu asiyemjua mtungaji wake anapoweza kuijenga upya mwenyewe. Anayefungua kifurushi cha msimbo chanzo wa GnuPG, programu ya jamii ya PGP, kwenye Linux, akaandika «make» na kuitazama kompaila ikimaliza faili moja na kushika jingine, yumo katika desturi hiyohiyo.

Kuna watakaouliza: nani husoma maelfu ya mistari ile? Swali ni la haki. Mwaka 2006 mistari michache iliondolewa katika OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, ya mfumo wa Debian, na funguo zilizotengenezwa kwayo zikawa rahisi kubahatishwa. Msimbo ulikuwa wazi kwa wote, lakini kosa lilitangazwa mwaka 2008. Mwanasayansi wa kompyuta Ken Thompson alikuwa ameuliza swali zito zaidi tangu 1984: kama kompaila yenyewe imetiwa hila, kuusoma msimbo kutafaa nini? Nakubali kwamba kuijenga programu nyumbani hakumfanyi mtu kuwa mkaguzi. Lakini kosa la Debian lilipogunduliwa, kila mtu aliweza kuiona mistari iliyoondolewa. Ndani ya programu iliyofungwa, tungebaki na neno la muuzaji tu. Na hoja ya Thompson ndiyo iliyowasukuma watu kulinganisha kazi ya kompaila moja na ya nyingine.

Ulinganishaji wa namna nyingine uliifaa TrueCrypt, programu ya kufunga diski ambayo watungaji wake hawakujitaja majina. Mwaka 2013 mtafiti mmoja nchini Kanada alitafuta matoleo yaleyale ya zana walizotumia, akaijenga TrueCrypt 7.1a ya Windows kutoka kwenye msimbo chanzo, kisha akailinganisha baiti kwa baiti na ile iliyokuwa ikigawiwa watu. Tofauti chache alizozikuta zilikuwa za mambo kama saa ya kujengwa na sahihi ya kidijitali.