Jina Jipya, Daftari Lile Lile

Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Wapo waliosema hatutamaliza hata msimu mmoja wa pamba. Leo tunaandika kijitabu.

Kurasa nyingine zinaeleza habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Hapa sisi tumeona tueleze historia ya jambo moja ambalo wengi waliliona dogo, kumbe nusura litugombanishe: kubadilisha jina la ukurasa wetu wa biashara kwenye Facebook. Wengine walisema, "Jina tu hilo, lina historia gani?" Basi someni mpaka mwisho.

AKINA MAMA NA MAJINA

Mwanamke wa kwetu hubadilishwa jina mara nyingi. Akizaliwa anapewa jina la bibi yake. Akiolewa anaitwa mke wa fulani. Akijifungua anakuwa Mama Kulwa au Mama Masanja, na wajukuu wakija anakuwa bibi wa fulani. Mtu ni yule yule, ila jina lake la kwanza linaweza kulala miaka thelathini bila mtu kuliita.

Tulipoanza kikundi mwaka 2015 tulikata shauri kwamba katika daftari la hisa kila mmoja aandikwe jina lake mwenyewe alilopewa na wazazi. Hakuna "mke wa", hakuna "mama wa". Mwenzetu mmoja alipoulizwa alinyamaza kidogo kabla ya kujibu, maana lile jina hata watoto wake walikuwa hawalijui. Tukalicheka pamoja naye, tukaliandika. Tangu siku hiyo tulielewa kwamba katika mambo ya fedha jina si mapambo. Mwenye jina ndiye mwenye mali.

MAHALI PETU NAPO PAMEBADILISHWA JINA

Wengi wetu tulizaliwa wakati Migato iko Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2012 Serikali iliunda mikoa minne mipya: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mkoa wetu ukachukua jina la Mto Simiyu, na makao makuu yakawa Bariadi. Wilaya yetu nayo ikagawanywa, Migato tukawa Itilima, makao makuu yakiwa Lagangabilili. Sisi hatukuhama hata hatua moja. Kisima kilikuwa pale pale, mbuyu pale pale, ila anwani ikawa nyingine. Mpaka leo mtoto wetu akiwa Mwanza akaulizwa kwao ni wapi, anajibu Bariadi, kwa sababu ndiyo watu wanayoijua.

Hata ushirika wa wazazi wetu ulipitia majina mengi. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa viliungana kuwa Victoria Federation of Cooperative Unions, Ndugu Paul Bomani akiwa kiongozi wake. Baadaye jina likawa Nyanza. Mwaka 1976 Serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, na miaka ya 1980 vikarudi. Upande wetu tukapata SHIRECU ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulipokwisha kuundwa ikaja SIMCU. Wazee wetu kila jina waliliona likibandikwa na kubanduliwa. Wao walikuwa wakiuliza mambo mawili tu: mzani ukoje, na malipo lini?

Benki nazo ni hivyo hivyo. Benki ya Wanawake Tanzania ilifunguliwa mwaka 2009, na akina mama wengi tuliisikia kwa furaha hata tuliokuwa mbali nayo. Mwaka 2018 iliunganishwa na Benki ya Posta, na mwaka 2021 Benki ya Posta yenyewe ikaitwa Tanzania Commercial Bank, yaani TCB. Kwa hiyo mama aliyeweka akiba kwenye Benki ya Wanawake, katika miaka mitatu akaunti yake imepita kwenye majina mawili mapya. Mtu wa namna hiyo asipoelezwa atalala kweli?

UKURASA WETU ULIVYOANZA

Ukurasa ulifunguliwa mwaka 2018. Binti wa mwanachama mwenzetu alikuwa amemaliza kidato cha nne, ana simu ya kupangusa, akasema, "Mama zangu, mnahangaika na michembe gulioni, kwa nini msiiweke Facebook watu wa mjini waione?" Akaufungua palepale chini ya mwembe. Jina akaandika michembe, na mbele yake akaweka Bariadi. Hakuna aliyempinga. Wengi wetu hata hatukujua kwamba jambo lile linahitaji kufikiriwa.

Ukurasa ukatusaidia. Tuliuza michembe, halafu matobolwa, halafu dengu na choroko za wanachama. Watu wa Mwanza na Shinyanga wakawa wanapiga simu. Lakini kufika mwaka 2022 jina lilikuwa halitutoshi. Tulikuwa hatuuzi michembe peke yake. Wateja walikuwa wanashuka Bariadi mjini, wanatuulizia sokoni, hawatuoni. Na jina la kikundi chetu, hili mnaloliona kwenye jalada, halikuwapo popote pale ukurasani. Ni kama mtoto anayelala kwako lakini haitwi kwa jina lako.

Tukakaa kikao. Kikao kile kilikuwa kirefu kuliko cha kugawana hisa. Upande mmoja walisema, "Bariadi inajulikana. Itilima nani anaijua? Mnataka tufukuze wateja?" Upande wa pili wakasema, "Itajulikanaje kama sisi wenyewe tunaificha?" Kwa kweli kila upande ulikuwa na haki. Mwisho tulipiga kura kwa punje za mahindi na choroko, ukashinda upande wa kubadilisha: jina la kikundi, na Itilima mwishoni.

UFUNGUO ULIKUWA KWA MTU MMOJA

Hapo ndipo tulipogundua kosa letu la kwanza. Sanduku letu la akiba lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa akina mama watatu tofauti, ili mmoja asiweze kufungua peke yake. Lakini ukurasa ulikuwa na ufunguo mmoja tu, kwenye simu ya yule binti, na yeye alishakwenda chuoni. Anayeweza kubadilisha jina la ukurasa ni yule mwenye mamlaka kamili juu yake, basi. Tungekuwa tumegombana naye, au simu yake imeibiwa, kazi yetu ya miaka minne ingekwenda na maji. Bahati yetu ni mtoto mwenye adabu. Alirudi likizo, akatuonyesha hatua kwa hatua, akawaingiza akina mama watatu wawe wasimamizi pamoja naye.

Akatueleza na utaratibu. Unaingia kwenye mipangilio, unaandika jina jipya, unaomba. Facebook wenyewe wanalipitia kwanza, kwa hiyo huenda ukasubiri siku kadhaa. Hawataki jina la kudanganya watu, mfano ukurasa wa dengu ugeuzwe ghafla uwe wa mambo mengine kabisa. Likikubaliwa, wanaokufuata wanabaki wale wale na picha zote za zamani zinabaki, ila usitegemee kulibadilisha tena kesho yake. Tena lile jina fupi la kutafutia, lenye alama ya @ mbele, linabadilishwa peke yake, lenyewe halifuati. Na cheti chetu cha usajili kutoka halmashauri hakihusiki na Facebook hata kidogo: jina la kikundi kisheria ni lile lililo kwenye cheti.

KOSA LA PILI

Jina likakubaliwa, tukapiga vigelegele. Kosa la pili ni kwamba tulishangilia sisi kwa sisi. Hatukumwambia mteja hata mmoja.

Wakati ule mteja mmoja wa Mwanza alikuwa ametutumia malipo ya awali ya magunia manne ya dengu. Alipofungua simu akakuta ukurasa aliouzoea haupo, pale pana jina asilolijua. Akaangalia ujumbe wa malipo, akakuta jina la mweka hazina wetu kama lilivyo kwenye kitambulisho cha Taifa, na yeye siku zote alikuwa akimwita Mama fulani. Majina mawili, yote mageni. Akapiga simu kwa hasira: "Mama, mimi pesa yangu nilituma Bariadi. Itilima siwajui! Kesho nakwenda polisi."

Hatukumlaumu. Hata sisi tungesema hivyo hivyo. Mweka hazina alikuwa anatetemeka, lakini akafungua daftari, akamsomea: jina lake mteja, tarehe aliyotuma, kiasi, magunia mangapi yamebaki. Akamtajia hata mzigo wa kwanza aliowahi kununua kwetu na bei yake. Yule baba akanyamaza, halafu akasema, "Kama daftari ni lile lile, basi ni ninyi." Dengu zake ziliondoka wiki ile ile, na mpaka leo ananunua kwetu.

Maneno yale hatukuyasahau. Jioni ile ile tuliandika tangazo ukurasani: zamani tuliitwa hivi, sasa tunaitwa hivi, sisi ni wale wale, namba za simu ni zile zile, na jina litakalosomeka ukituma malipo ni hili. Tukawapigia simu wateja wote walio daftarini, mmoja mmoja. Jina la zamani tukaliacha kwenye maelezo ya ukurasa kwa mwaka mzima ili anayetutafuta asipotee. Kazi hiyo ilipaswa itangulie vigelegele.

TULICHOJIFUNZA

Novemba 2024 mtandao wa simu wa Tigo ulibadilika jina ukawa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Siku hizo vijijini maneno yalikuwa mengi, wengine wakiuliza kama pesa zao zipo. Katika kikundi chetu hakuna aliyepiga kelele. Mwanachama mmoja mtu mzima, ambaye hajui hata kufungua Facebook, ndiye aliyesimama akasema, "Tuangalie salio kwanza, tulinganishe na daftari." Tukaangalia, likalingana, tukaendelea na ajenda. Tukakumbushana pia kwamba asitokee mtu wa kumpigia mwenzetu simu eti ampe namba ya siri ili "abadilishiwe jina". Jina likibadilika, namba ya siri haiombwi na mtu.

Basi kwa vikundi vya wenzetu vinavyochipukia tunawaachia haya. Funguo za ukurasa ziwe kama funguo za sanduku, zisikae kwa mtu mmoja. Jina lichaguliwe kikaoni, si chini ya mwembe kwa haraka. Mkilibadilisha, waambieni watu kabla, si baada. Na zaidi ya yote, tunzeni daftari.

Miaka kumi ijayo hatujui Facebook itaitwaje, wala wilaya yetu itagawanywa vipi tena. Huenda hata sisi tutaona jina jingine linafaa zaidi. Lakini siku hiyo mtu akiuliza ni nani hawa, tunataka daftari lifunguliwe, na kila mama asomwe kwa jina lake mwenyewe.

Mungu awabariki nyote. Umoja ni nguvu!

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote
Migato, Itilima