Kalibu za Mchanga: Kutoka Katwe hadi Mradi Wetu



Katika toleo hili la kumbukumbu tumeombwa kueleza asili ya bizimu za mikanda ambazo mradi wetu wa kazi za mikono unazisubu kwa alumini. Wengi hudhani ufundi huu uliletwa na wafadhili. La hasha. Tuliuona Katwe, mjini Kampala, jirani na Mengo.

Buganda ilikuwa na wahunzi wake tangu zamani, na Walukaga ndiye aliyekuwa mkuu wao mbele ya Kabaka. Lakini wao walifua, hawakumimina. Chuma huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538, na moto wa makaa na mivukuto yao ulitoa bonge la kupigwa nyundo tu.

Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka mengi ya vipuri yalikuwa mikononi mwao, na fedha za kigeni nazo zikaadimika. Mashine iliyoharibika ilimngoja fundi wa jua kali, naye akatafuta dawa katika vyuma chakavu. Alumini ya pistoni kuukuu na sufuria zilizotoboka huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu. Makaa na feni vyatosha.

Kazi yenyewe inataka subira. Kielelezo cha mti hushindiliwa ndani ya mchanga laini wenye unyevu kidogo, kisha hutolewa polepole, na nafasi yake ndiyo kalibu. Kielelezo kiwe kikubwa kidogo, kwani alumini ikipoa hunywea karibu milimita 1 kwa kila sentimita 8. Tena mchanga usilowe! Maji yakigeuka mvuke ghafla, madini ya moto humrukia fundi usoni. Kwa hiyo wanafunzi wetu hawamimini bila viatu.

Wapo katika kamati wanaopendekeza tununue bizimu tayari mjini, kwa kuwa ni nafuu. Kwa leo ni nafuu kweli. Lakini sisi tunapinga: mwaka 1972 maduka yalifungwa, na waliobaki na kazi ni wale waliojua kutengeneza. Uamuzi utatolewa katika mkutano ujao wa kamati, nasi tunawaomba mje kwa wingi.

Wakati huohuo, sufuria iliyotoboka usiitupe. Ilete darasani jioni yoyote.