Fursa za Kuuza Vifaa vya Kompyuta katika Soko la Brazili, 1971–1992

1.0 Utangulizi

Katika historia ya biashara, soko la ng'ambo hupimwa mara nyingi kwa idadi ya wanunuzi wake na uwezo wao wa kulipa. Kipimo hicho hakitoshi kueleza yaliyotokea Brazili kati ya mwaka 1971 na 1992. Wanunuzi walikuwapo: benki, wizara, mashirika ya umma na viwanda vyote vilihitaji kompyuta. Hata hivyo, nafasi ya muuzaji wa nje iliamuliwa zaidi na kibali cha kuingiza bidhaa, akiba ya fedha za kigeni na azma ya serikali ya kumiliki teknolojia. Insha hii inajenga hoja kwamba sera iliyojulikana kama hifadhi ya soko haikufuta fursa za wauzaji wa nje, bali iligeuza aina ya fursa hizo na kuwabadilisha waliofaidika nazo. Aliyetaka kuuza kompyuta ndogo iliyokamilika alikuta mlango umefungwa, ilhali aliyekubali kuuza leseni na michoro alikaribishwa.

2.0 Chimbuko la Hifadhi ya Soko

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, soko la kompyuta nchini Brazili lilitawaliwa na kampuni za Marekani, hususan IBM na Burroughs. IBM ilikuwa imefanya kazi nchini humo tangu mwaka 1917, na ilikuwa na wateja waliokwisha kuzoea mashine na mafundi wake. Msukumo wa kwanza wa kuuhoji utawala huo ulitoka jeshini. Jeshi la Wanamaji liliagiza Uingereza manowari zilizoongozwa kwa kompyuta za Ferranti, na maofisa wake wakatambua kwamba chombo cha ulinzi wa taifa kingetegemea wageni kwa matengenezo na programu. Mwaka 1971 kikaundwa kikosi kazi cha kutafuta njia ya kutengeneza kompyuta nchini. Wakati huohuo, wahandisi wa vyuo vikuu walikuwa wakijifunza kwa vitendo. Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha São Paulo kilikamilisha kompyuta ya majaribio iliyoitwa Patinho Feio.

Mwaka 1972 iliundwa pia CAPRE, tume iliyopewa jukumu la kuratibu matumizi ya kompyuta katika idara za serikali. Jukumu hilo la kiutawala lilipata meno baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973. Brazili iliagiza nje sehemu kubwa ya mafuta yake, hivyo fedha za kigeni zikawa adimu. Desemba 1975 uingizaji wa vifaa vya kompyuta uliwekwa chini ya idhini ya CAPRE. Hatua iliyochukuliwa kwa ajili ya kunusuru urari wa malipo ikawapa wahandisi na wapangaji wa uchumi nyenzo ambayo hoja zao za kitaifa zisingeweza kuipata peke yake.

3.0 Zabuni ya 1977 na Mgeuko wa Fursa

Mwaka 1976 CAPRE ilipendekeza kwamba soko la kompyuta ndogo liachiwe kampuni za wazawa, na kompyuta kubwa ziendelee kutoka kwa kampuni za kigeni. IBM ilijaribu kuingiza System/32 katika uwanja huo kwa kupendekeza kuitengeneza Brazili kwenyewe, lakini mpango huo haukuidhinishwa. Mwaka 1977 ilifanyika zabuni ya kuchagua watengenezaji wa kompyuta ndogo. Kampuni zilizoshinda zilikuwa za Kibrazili, lakini teknolojia yake ilitoka nje: SID ilitumia ya Logabax ya Ufaransa, Edisa ya Fujitsu ya Japani, na Labo ya Nixdorf ya Ujerumani Magharibi. Cobra, iliyoanzishwa mwaka 1974, ilikuwa imetangulia kwa leseni za Ferranti na Sycor.

Orodha hiyo ina uzito katika hoja ya insha hii. Isipokuwa Sycor, wauzaji hao hawakutoka Marekani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nafasi kubwa Brazili ya kuilinda. Kwao leseni ilikuwa pato jipya. Kwa IBM, kutoa michoro kwa mshindani kungekuwa kujikata mkono wake wenyewe. Kwa hiyo sera iliyosemwa kuwa ya kufunga soko iliwafungulia wauzaji wadogo njia ambayo ushindani huria ungewanyima. Hata hivyo, fursa hiyo ilikuwa na ukomo ndani yake, kwa kuwa mnunuzi wa leseni alikusudia kujifunza ili asinunue tena. Mwaka 1980 Cobra ilitoa modeli ya 530, iliyobuniwa na wahandisi wa nchini.

4.0 Sheria ya 1984 na Mgogoro na Marekani

Mwaka 1979 CAPRE ilivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na SEI, sekretarieti iliyowekwa chini ya Baraza la Usalama wa Taifa. Tarehe 29 Oktoba 1984 hifadhi ya soko ikawa sheria, Sheria Na. 7.232, iliyoweka muda wa miaka minane.

Kufikia hapo kompyuta binafsi zilikuwa zimebadilisha biashara yenyewe. Mashine za aina hii zilinakilika kwa urahisi, na modeli mpya zilitoka kwa kasi kuliko leseni zilivyoweza kujadiliwa. Viwanda vya Brazili viliunda nakala za mashine za kigeni. Unitron ilinakili hata Macintosh ya Apple, ingawa nakala hiyo haikuruhusiwa kuingia sokoni. Muuzaji wa nje sasa alikosa soko la mashine na pia malipo ya ubunifu. Tarehe 7 Septemba 1985, siku ya uhuru wa Brazili, Rais Reagan alitangaza uchunguzi wa sera hiyo chini ya sheria ya biashara ya Marekani. Mwaka 1987 SEI ilikataa leseni ya MS-DOS kwa hoja kwamba kampuni ya Scopus ilikuwa na programu inayolingana nayo. Novemba mwaka huo Marekani ilitishia vikwazo vya dola milioni 105. Vikwazo havikutekelezwa, lakini Desemba Brazili ilipitisha sheria iliyolinda haki za waandishi wa programu.

Ndani ya nchi gharama ilibebwa na mtumiaji. Kompyuta za nchini ziliuzwa ghali kuliko bei ya soko la dunia, na magendo kupitia Paraguay yakashamiri. Upande wa pili wa mizania una benki. Mfumuko mkubwa wa bei ulizilazimu kukamilisha hesabu za wateja haraka, na kampuni kama Itautec, iliyotokana na benki ya Itaú, zikajenga ujuzi wa mitambo ya kibenki uliodumu baada ya hifadhi.

5.0 Hitimisho

Serikali ya Collor, iliyoingia madarakani mwaka 1990, iliandaa mwisho wa sera hiyo, Sheria Na. 8.248 ya Oktoba 1991 ilifungua njia, na hifadhi ikakoma Oktoba 1992. Kampuni nyingi zilizoishi kwa kunakili hazikustahimili ushindani. Uzoefu wa Brazili unaonyesha kwamba hifadhi ya soko ilifanya kazi vizuri zaidi pale ambapo muuzaji wa nje alikuwa na sababu ya kuuza maarifa na mnunuzi alikuwa na tatizo lake mahususi la kulitatua. Mambo hayo mawili yalipokosekana, katika kompyuta binafsi, pande zote mbili zilipoteza: muuzaji malipo yake, na mtumiaji mashine nafuu. Kwa mtafiti wa historia ya biashara, swali la msingi kuhusu soko la ng'ambo ni nini kinachoruhusiwa kuuzwa, kwa nani, na kwa muda gani kabla mnunuzi hajageuka kuwa mshindani.