Samaki wa mawe wa ziwa letu: kwa nini mgeni anapigwa ndani ya kioo

Hapa Katanika, mtu akisema samaki tunafikiri ndagala, mikebuka, ngege na kuhe, yaani chakula. Lakini ziwa letu la Tanganyika lina samaki wengine ambao hawafiki sokoni. Ni wadogo, wana rangi nyingi, wanaishi kati ya mawe karibu na pwani. Hao wanasafirishwa wakiwa hai hadi Ulaya, Amerika na Japani, na kule watu wanawanunua kwa kuwatazama tu ndani ya sanduku la kioo. Wafugaji wa kule wanataja Moba, Kapampa na Moliro kama majina ya samaki, hata kama hawajui barabara ya kufika huko.

Habari hii ilianza zamani. Mwingereza J. E. S. Moore alikusanya samaki wa ziwa letu katika miaka ya 1890. Mwaka 1898 mtaalamu George Albert Boulenger wa London alimwandika mmoja wa samaki wa mawe, akampa jina Tropheus moorii kwa heshima ya Moore. Miaka ya 1946 na 1947, Kalemie ikiitwa bado Albertville, msafara wa Wabelgiji ulichunguza ziwa. Max Poll alikuwa ndani yake, na mwaka 1956 alitoa kitabu kikubwa juu ya siklidi, ndiyo jamii ya kuhe na ngege. Muda huo wote, watu wengi wa Ulaya waliwajua samaki hawa wakiwa wamekufa, ndani ya chupa za dawa.

Biashara ya samaki hai ilipata nguvu katika miaka ya 1970. Mbelgiji Pierre Brichard, ambaye alikuwa akisafirisha samaki kutoka Kinshasa, alihamia Bujumbura, na mwaka 1978 alitoa kitabu juu ya samaki wa Tanganyika. Wafugaji wakawapenda sana. Ndipo shida ikaonekana: mtu anatia Tropheus mmoja mgeni kati ya wenyeji, kesho asubuhi anamkuta amejibana kwenye kona, mapezi yamechanika, au amekufa.

Sababu iko huku kwetu, kwenye mawe. Tropheus anakula majani madogo ya kijani yanayoota juu ya jiwe. Jiwe hilo ni shamba lake, na dume na jike wote wanalinda shamba. Mgeni akikaribia anafukuzwa, anaogelea mbali kidogo, maneno yamekwisha. Ndani ya kioo hakuna mbali. Aliyeshindwa anabaki mbele ya macho ya aliyemshinda, na anapigwa mchana kutwa.

Polepole wafugaji walijifunza. Mgeni haingizwi peke yake. Wanaingizwa wengi pamoja, ili ukali ugawanyike na asionewe mmoja. Kundi la samaki 20 linatulia kuliko la samaki 5. Kabla ya kuwaingiza, mawe yote yanapangwa upya: mwenyeji akipoteza mipaka yake, naye anakuwa kama mgeni. Taa inazimwa. Wengine wanaweka kwanza ukuta wa kioo katikati kwa siku kadhaa, ili pande mbili zionane bila kugusana.

Ukuta huo una maana. Mwaka 2015, watafiti wa Japani pamoja na Masanori Kohda walionyesha kwamba siklidi mwingine wa Tanganyika, Neolamprologus pulcher, anatambua sura. Jirani anayemjua hamsumbui sana. Sura asiyoijua anaitazama kwa muda mrefu, kwa wasiwasi.

Jambo hili linatuhusu sisi wakaaji wa pwani. Kila samaki anayeuawa ndani ya kioo anaweza kuombewa mwingine, na huyo mwingine anaweza kutoka kwenye mawe yetu. Tropheus hataga kama ndagala: jike anabeba mayai machache mdomoni, na mara nyingi hayafiki 20. Tena samaki hawa hawapendi kuvuka mchanga wala maji ya kina. Ndiyo maana rangi ya kijiji kimoja inaweza kuwa tofauti na ya kijiji cha jirani. Rangi ya mahali ikimalizwa, hakuna wa kuja kuirudisha.

Wafugaji wengi wa Ulaya siku hizi wanazalisha samaki wao wenyewe, na hilo ni jema. Lakini wazamiaji bado wanaingia majini. Wakuu wa jimbo, machifu na vikundi vya wavuvi wanapaswa kujua ni samaki gani wanaotolewa, wangapi, kwenye mawe gani, na kijiji kinabaki na nini. Ndagala tunazihesabu kwa sababu tunazikula. Hawa nao ni mali yetu.