Mtu mzima chuoni: fedha za masomo kutoka Azimio la Musoma hadi Bodi ya Mikopo

Kijana wa Tanzania aliyemaliza kidato cha sita mwaka 1975, hata kama alifaulu vizuri namna gani, hakwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, moja kwa moja. Alipita kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, akaajiriwa, na alipotaka kupanda Mlimani alihitaji mapendekezo ya mwajiri wake na ya chama. Wakubwa walitaka kujua anafanyaje kazi na anaishije na wenzake.

Hayo yaliamuliwa na Halmashauri Kuu ya chama hicho, TANU, ilipokutana Musoma Novemba 1974. Azimio la Musoma hukumbukwa zaidi kwa elimu ya msingi kwa wote, lakini ndilo pia lililompa mfanyakazi nafasi ya mbele chuo kikuu. Gharama zilibebwa na serikali, kwa hiyo karani mwenye mke na watoto hakukosa usingizi kwa ajili ya ada.

Mbegu ya kusomesha watu wazima ilikwisha kupandwa kabla ya hapo. Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, kiliiga mfano wa Ruskin College, chuo cha watu wazima kilichoko Oxford, Uingereza. Joan Wicken, aliyekuwa msaidizi wa Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi, ndiye aliyehangaikia fedha za kukianzisha.

Mpango wa Musoma ulikuwa na kasoro, na waliotangulia kuumia ni wanawake. Miaka ya kusubiri chuo ndiyo hiyohiyo ya kuolewa na kuzaa, na idadi ya wasichana Mlimani ikashuka. Mwaka 1976 wakaondolewa sharti la kufanya kazi kwanza. Katika miaka ya 1980 sharti likalegezwa kwa wote.

Uchumi ulipoyumba, serikali ikaleta sera ya kuchangia gharama mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati huohuo, sheria ya mwaka 1992 ilianzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chini ya Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari. Mwalimu au muuguzi aliweza sasa kusomea shahada bila kuacha kazi. Nafasi ilipatikana, ada aliitafuta mwenyewe.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Miongozo yake ya miaka ya karibuni inamtaka mwombaji wa shahada ya kwanza awe na umri usiozidi miaka 35, asome muda wote, asiwe na kipato cha ajira rasmi, na awe amehitimu ndani ya miaka mitano iliyopita. Viambatisho navyo ni vya kijana: vyeti vya vifo vya wazazi kwa yatima, vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na taarifa za mdhamini. Mama wa miaka 40 anayesomesha wawili sekondari, hata angeruhusiwa kuomba, bado angeulizwa habari za baba yake.

Ndiyo maana mtu mzima hubisha hodi kwingine. Mtumishi wa umma huomba ruhusa ya masomo na kutumaini kwamba jina lake limo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Wengine hukopa saccos, au hulipa kidogokidogo kila muhula.

Bodi ina hoja: fungu halitoshi, na vijana ni wengi. Lakini marejesho yake hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na mwenye mshahara leo ni huyohuyo anayezuiwa kuomba. Kenya, ambako bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, wameona hilo: wana mkopo uitwao Jielimishe, wa walioajiriwa wanaotaka kurudi darasani. Tanzania iliyowahi kumwambia kijana akafanye kazi kwanza ndipo asome haina sababu ya kushindwa kumkopesha aliyefanya hivyo.