Ngiri, Mshipa na Bega la Mchukuzi

Historia ya kazi katika Afrika Mashariki imesimulia mengi kuhusu bega la mchukuzi, lakini kinena chake kimesahauliwa. Katika karne ya 19 wapagazi wa misafara ya pwani na bara walichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32, siku baada ya siku. Aliyepatwa na ngiri hakuwa na tiba ya hakika. Alilala chali uvimbe urudi ndani, akajifunga nguo kwa nguvu, kisha akatwika tena.

Leo tukifika Kabingo, wilayani Isingiro, na makazi ya wakimbizi ya Nakivale katika wilaya hiyo hiyo, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbarara, bega hilo tunalikuta bado kazini. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda; baadaye wakaja Wakongo, Warundi na Wasomali, na Kiswahili kikawa daraja baina yao. Watu hulima kwa jembe, hupakia mikungu ya ndizi kwenye malori, na huteka maji. Madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40, mzigo uliozidi ule wa mpagazi.

Sisi walimu wa lugha tunahusika vipi? Tunahusika kwa sababu ya jina. Wasemaji wengi husema "mshipa" tu, na neno hilo hubeba maradhi mawili. Busha ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani. Ngiri ni sehemu ya utumbo au mafuta ya tumbo kupenya mahali palipo dhaifu katika ukuta wa misuli. Hutokeza mtu anapoinua mzigo au kukohoa, na mara nyingi hurudi anapolala. Asiyetofautisha hudhani kwamba yote ni aibu moja ya kufichwa, naye huendelea kubeba.

Hapo ndipo penye hatari. Utumbo ukibanwa, uvimbe huwa mgumu wenye maumivu makali na haurudi ndani. Mgonjwa hutapika, na asipopasuliwa haraka aweza kufa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Tiba haikukosekana duniani. Mwaka 1887 daktari Edoardo Bassini wa Italia alitangaza njia yake ya kuushona upya ukuta wa kinena. Karne moja baadaye upasuaji wa kutumia kipande cha wavu ulienea, ila wavu wa kiwandani ulikuwa ghali. Uganda yenyewe ikatoa jibu: mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanyika mashariki mwa nchi hiyo kwa wanaume 300 na ushei. Wengine walitiwa wavu wa kiwandani, wengine kitambaa cha chandarua kilichotakaswa hospitalini. Baada ya mwaka mmoja haikuonekana tofauti ya maana baina yao.

Hata hivyo, kibarua hulipwa kwa siku, na siku za kupumzika hazina ujira. Kwa hiyo wengi huahirisha. Anayesubiri upasuaji hana budi kupunguza uzito wa mzigo, kugawa safari moja kuwa mbili, kutibu kikohozi na kujihadhari na choo kigumu. Mkanda humsaidia kustahimili, lakini haumponyi. Baada ya kupasuliwa, asibebe mizigo mizito mpaka daktari amruhusu.

Kutoka Nakivale, hospitali ya rufaa iko Mbarara. Safari ya kwenda huko huanzia kinywani, pale mtu anapoweza kusema bila haya, "Nina ngiri." Basi tunapofundisha majina ya viungo na maradhi, tusiruke kinena kwa kuona haya. Neno moja lililofundishwa sawasawa laweza kumtua mtu mzigo kabla haujamwua.