Kivimbe cha titi kisichoshikika kwa mkono: munganga anakipata namna gani kabla ya kupasua?

Mama anakwenda kufanya ekografi, na katika picha munganga anaona kitu kidogo ndani ya titi, labda milimita 8. Anapapasa, hakuna kitu. Mama mwenyewe anapapasa, hakuna kitu. Wanachukua kipande kidogo kwa sindano, ndiyo biopsi, na laboratwari inajibu kwamba kile kitu lazima kitolewe. Sasa swali ni hili: munganga atakata wapi, ikiwa mkono wake hausikii kitu?

Mvuvi wa hapa kwetu kwenye Lualaba anajua jibu. Akitega wavu chini ya maji, anaacha kitu kinachoelea juu ili kesho asitafute mto mzima. Wanganga nao wanaweka alama. Alama ikikosewa, kuna hasara mbili. Ya kwanza, kansa inabaki ndani na mama anarudishwa kupasuliwa mara ya pili. Ya pili, munganga anaogopa kuacha kitu na anakata sehemu kubwa kuliko ilivyohitajika. Kwa mama aliyetoka Kindu kwa ndege, akauza mali ili afike kwenye hospitali kubwa, kupasuliwa mara ya pili si jambo dogo.

Njia zenyewe ni zipi?

Waya yenye ndoano. Wanganga wetu wanaiita kwa Kifaransa "harpon". Titi linatiwa ganzi, kisha sindano inaongozwa na ekografi au mamografi mpaka kwenye kivimbe, na waya nyembamba inaachwa pale. Ncha yake ina ndoano ya kuishikilia, mkia unabaki nje ya ngozi chini ya bandeji. Njia hii inatumika tangu miaka ya 1970, bei yake si kubwa, na inajulikana karibu dunia nzima. Ubaya wake: waya inaweza kusogea, kwa hiyo kwa kawaida mama anapasuliwa siku ileile. Tena kukaa na waya inayotoka kwenye titi ukingojea zamu yako kunatia woga.

Ekografi ndani ya chumba cha kupasulia. Hapa hakuna waya. Mama akisha kulala usingizi wa dawa, munganga anaweka mashine juu ya titi, anaona kivimbe, anachora alama kwenye ngozi, kisha anaendelea kuangalia wakati anakata. Akisha kutoa kipande, anakipima kwa mashine ileile kuona kama kivimbe kimo ndani. Sharti ni moja: kitu kionekane kwenye ekografi. Vile vichembe vidogo vya chokaa ambavyo mamografi inavionyesha, mara nyingi ekografi haivioni. Kwa hivyo njia hii haitoshi.

Makaa na rangi. Unga wa makaa uliosafishwa vizuri na kuchanganywa na maji ya dawa unapigwa kwa sindano toka kwenye kivimbe mpaka karibu na ngozi. Munganga anafuata mstari mweusi. Makaa hayasambai, yanaweza kungoja siku nyingi hata majuma. Rangi ya buluu inasambaa haraka, kwa hiyo kazi lazima ifanyike upesi.

Dawa yenye mionzi. Mwaka 1996, wanganga wa Milano, Italia, walianza kuweka kwenye kivimbe dawa kidogo ya teknesiamu, kisha kuitafuta kwa chombo kinacholia kikikaribia. Nguvu ya teknesiamu inapungua nusu kila saa 6, ndiyo maana haiwezi kungoja ndege iliyochelewa. Kuna pia mbegu ndogo ya iodini, ambayo nguvu yake inapungua nusu kwa siku karibu 60. Hiyo inaweza kungoja, lakini kila mbegu lazima ihesabiwe ikiingia na ikitoka, kwa sababu ni kitu cha mionzi.

Mbegu za sumaku, za rada na za mawimbi ya redio. Hizi ndizo za kisasa zaidi. Hazina mionzi, zinawekwa siku nyingi kabla, na mama anarudi nyumbani bila kitu kinachotoka nje ya ngozi. Chombo cha kuzitafuta ni cha bei kali, na kila mbegu inatumika mara moja tu. Za sumaku zinasumbuliwa na vyuma vya kawaida vya upasuaji, kwa hiyo vinatakiwa vyombo visivyo vya chuma.

Njo ipi inashinda?

Mwaka 2015 watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 11 yaliyolinganisha njia hizi. Hawakupata ushahidi wa kutosha kusema kwamba moja inazizidi zingine, na waliona kwamba waya bado ni njia ya kuaminika. Mbegu mpya zinarahisisha ratiba na zinampunguzia mama woga. Lakini hospitali isiyo nazo haiwezi kuitwa hospitali mbaya juu ya hilo tu.

Kwetu huku linalopima zaidi ni kama watu wanafanya kazi pamoja: mwenye kusoma picha, mwenye kupasua, na mwenye kuangalia kipande kwenye laboratwari. Ekografi inapatikana kirahisi kuliko mamografi. Jirani zetu wa Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ambako kituo cha kansa kilifunguliwa mwaka 2012, walifundisha wauguzi na wanganga wa kawaida kusoma ekografi ya titi. Hawakungoja mpaka wapate mabingwa wengi.

Alama inayosahaulika

Msomaji anaweza kusema: kwetu wamama wanafika na vivimbe vikubwa, haya ya milimita 8 yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Kivimbe kikubwa mara nyingi kinatibiwa kwanza kwa dawa, ile kemoterapi, ili kipungue. Mara zingine kinapungua mpaka mkono haukisikii tena. Ni habari njema, lakini munganga wa kupasua sasa anatafuta mahali pasipoonekana. Ndiyo maana inafaa kipande kidogo cha titani kiwekwe ndani ya kivimbe kabla au mwanzoni mwa dawa. Kikikosekana, picha zihifadhiwe na vipimo viandikwe vizuri: titi la upande gani, sentimita ngapi toka kwenye chuchu, na mahali pake kama kwenye uso wa saa. Hapo tuangalie: kwa Kiswahili "saa mbili" ni wakati mshale unaonyesha 8. Kwa hiyo karatasi iandikwe tarakimu iliyo kwenye saa, si maneno ya mdomo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulala mezani

Mama, au mwenye kumsindikiza, ana haki ya kuuliza:

– Biopsi ilifanyika? Jibu lake liko wapi?
– Kivimbe kinaonekana kwenye ekografi, ao kwenye mamografi tu?
– Mtatumia alama gani, na nitapasuliwa siku ileile?
– Nikianza dawa kwanza, mtaweka alama kabla kivimbe hakijapungua?
– Kipande kikitoka, kitapigwa picha kuhakikisha kivimbe kimo? Kitapelekwa laboratwari kuangalia kama kingo zake ni safi?

Na usiache makaratasi wala picha. Ukisafiri toka Kindu kwenda hospitali ingine, picha za kwanza zinabebwa mkononi, si ndani ya mzigo wa chini.

Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mama afike mara ya kwanza. Si kila kivimbe ni kansa, vingi si kansa. Lakini kansa ya titi mara nyingi haiumi mwanzoni. Ukiona titi limebadilika, ngozi imevutwa ndani, ao chuchu inatoa damu, usingoje maumivu. Nenda kwenye kituo cha afya, na uombe waandike walichokiona.